Kitanda cha Pili

Watu wa mjini walikuwa wakikiona chumba cha bi harusi siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nakiona siku ya mwisho, fungate lilipokwisha na maharusi wamekwenda kuwaamkia wazee. Siku ya kwanza kulikuwa na vioo na sahani za rangi ukutani, mapazia yamekunjwa vizuri, asumini zimemwagwa juu ya mito. Siku ya mwisho kulikuwa na mate ya tambuu yaliyokaukia kwenye upindo wa pazia, mto ulioingia mafuta ya nazi mpaka tumboni, na mfupa wa kuku chini ya kitanda, sisimizi wameuzunguka. Safari moja nilikuta bwana harusi amepangusia mchuzi kwenye chandarua. Chandarua cheupe, nilichokifua na kukitia buluu kwa mikono yangu. Mtu kaogeshwa maji ya mawaridi, kavishwa joho, kapigiwa vigelegele, halafu anapangusia mchuzi kwenye chandarua. Nimewatazama watu kwa upande huo miaka mingi, na mpaka leo ukinialika kwako nitatazama pazia kwanza, uso wako baadaye.

Kazi hiyo ya kupamba vyumba vya harusi niliirithi kwa mama. Aliniachia kitanda kimoja, samadari ya mvule, si ya fahari sana, vioo, sahani, masanduku ya mapazia na chandarua. Mwenye harusi alikuja kukodi, hamali akavipeleka kwa mkokoteni, mimi nikaenda kupamba, na fungate likiisha vikarudi nyumbani kwetu, mtaa wa Malindi. Nilifanya kazi na wifi yangu, dada wa mume wangu, mjane mwenye binti mmoja. Alikuwa na jicho zuri. Alijua pazia lipi linakwenda na ukuta upi, na kioo kiwekwe wapi ili kiongeze mwanga badala ya kumtisha mtu anayeamka. Katika hayo alinishinda, na sikuwahi kumnyima sifa yake.

Mama aliniachia na masharti vilevile. Kabla ya kila harusi, godoro lifumuliwe. Tulitoa sufi yote, ile pamba ya msufi, tukaitandaza juani kwenye sakafu ya juu kabisa ya nyumba, pembeni mwa ukuta ili upepo usiipeperushe, tukaichambua kwa vidole. Mabonge tukayafungua, kokwa tukazitoa moja moja, mpaka ukiishika unaona kama hukushika kitu. Foronya ya godoro ikafuliwa, sufi ikarudishwa, godoro likashonwa, likafukizwa udi. Viungo vya kitanda tulivimwagia maji ya moto na mafuta ya taa, kunguni asipate pa kujificha. Sufi inaingia puani, inaingia kwenye kope, unaikuta mpaka ndani ya chai. Wifi aliichukia kazi hiyo kwa roho yake yote. Lakini mama aliona ni aibu kubwa kumlaza mwari kwenye jasho la mwari mwenziwe, na mji mzima ulijua kwamba kwetu hilo haliwi. Mama wa bi harusi alikuja, akabonyeza godoro huku na huku, akainama akanusa mto, akatikisa kichwa kwamba sawa. Hilo ndilo lililokuwa jina letu. Sikuwa na kingine cha kujivunia.

Kwa utaratibu huo tuliweza harusi moja kwa wakati mmoja. Wifi alilalamika, lakini alilalamika kama watu wanavyolalamikia joto.

Kisha ukaja mwaka wa sitini na nne na Mapinduzi yake. Sitasimulia yale ambayo kila mtu anayo ya kwake. Mimi nitasema niliyoyaona kwenye kazi yangu. Nyumba nyingi za mjini zilibaki tupu, nyingine wenyewe wamekwenda, nyingine wenyewe wameondolewa. Na wazee wenye mabinti wakaingiwa na hofu, wakaozesha haraka haraka, bila ya ngoma, bila ya kungoja Ramadhani iishe na mfunguo uingie. Mlango wetu ukawa unagongwa kutwa.

"Wifi, sisi tunafukuza riziki," wifi aliniambia siku moja tunachambua sufi. "Leo nshawarudisha watu wa nyumba mbili."

"Watangoja."

"Nani anangoja siku hizi? Tutafute kitanda cha pili. Na godoro, na vioo. Wakati ndio huu."

Wakati ndio huu. Maneno hayo niliyasikia mpaka yakanitoka puani. Mume wangu aliyasema akinywa chai. Mwenye duka la vitambaa aliyasema akinipimia melimeli. Jirani aliyekuwa hajui hata kutundika pazia alinisimamisha njiani kunieleza namna ya kupanua biashara. Wote walikuwa na hoja moja, kwamba wanaohitaji ni wengi kuliko tulivyo navyo, na vitu vimekuwa rahisi. Nilikuwa najua tu kwamba nikiwa na magodoro mawili nitahitaji mikono mingine ya kuchambua, na mikono hiyo sikuiona. Mtu akisema hivyo mbele ya watu wanaoona neema imemwagwa njiani, anaonekana mvivu.

Vitu vilikuwa rahisi kwa sababu ya mnada. Ulikuwa ukifanywa asubuhi kwenye kiwanja, na vilivyouzwa ni vyombo vya zile nyumba tupu. Nilikwenda mara moja tu, wifi akinivuta mkono. Nilikuta mito imerundikwa juani bila foronya, madoa yake nje nje. Nilikuta chanuo la mtu lina nywele. Fremu za picha ziliuzwa na picha zake humo humo, mtoto kavaa kofia ya kiua anacheka, na mnunuzi anagonga fremu kwa kidole kusikia kama mti wake ni mzuri. Mwanamke mmoja ninayemfahamu, mtu wa sala tano na sunna zake, alifungua chupa ya marashi iliyobaki nusu, akajipaka nyuma ya masikio, akaifunga, akairudisha chini, akaenda zake. Hata kununua hakununua. Nilikuwa nimezoea uchafu wa watu wanaokula na kulala, ambao ukiutia sabuni unatoka. Huu niliokuwa nikiutazama pale sikujua utatolewa na nini.

Wifi hakuwa ananitazama. Alikuwa amepiga magoti mbele ya samadari moja kubwa, nyeusi, imenakshiwa maua mpaka miguuni, kichwani ina vioo vitatu, na godoro lake juu yake.

"Tazama kazi hii," alisema. Alikuwa akiipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe wa kununua. "Nyumba gani itakataa?"

"Turudi nyumbani, wifi."

"Wewe rudi. Mimi nnakinunua kwa changu."

Akakinunua. Jioni hamali wakakipandisha kwetu, na mimi nikasema hakiguswi mpaka nikioshe. Nilikiosha kwa ndimu na majivu, nikamwagia maji ya moto, nikapitisha mafuta ya taa kwenye kila kiungo. Hakutoka kunguni hata mmoja. Nilipobonyeza godoro sikukuta bonge hata moja, na nilipolinusa nikasikia kafuri, halwaridi, na kwa mbali udi mzuri kuliko wangu. Nilitaka kinuke vibaya, nipate kukisugua na kukishinda. Badala yake kilinuka kitanda cha mtu msafi kuliko mimi, na hapo ndipo nilipotoka mbio kwenda kutapika uani.

"Mimi sisikii kitu," wifi alisema. "Pua yako ina wazimu."

Kulikuwa na ila moja tu. Kitanda kiliyumba. Mguu mmoja wa upande wa kichwani haukugusa sakafu, na kila tulipokisogeza kiliyumba vilevile. Wifi alimtukana seremala aliyekitengeneza, akakunja tambara la kanga, akalisokomeza chini ya mguu.

Harusi yake ya kwanza ilikuwa Kiponda, na wiki hiyo hiyo samadari ya mama ilikuwa imekwisha kwenda nyumba nyingine. Harusi mbili kwa pamoja, jambo ambalo halijapata kutokea kwetu. Niliuliza juu ya godoro. Wifi akasema li safi, wewe mwenyewe umelinusa, la nini kulifumua? Nilikwenda kumsaidia kupamba kwa sababu jina lililokuwa likipambiwa ni langu na lake, na nisingeweza kukaa nyumbani nikijua kuna pazia limepinda. Chumba kilipendeza. Nasema kweli, sijawahi kuona chumba kilichopendeza vile. Vioo vitatu vya kitandani vilizidisha mishumaa ikawa kama tumealika nyota.

Desturi yetu ni kwamba kabla ya bi harusi kuingizwa, wanawake waalikwa huja kukiona chumba. Huja kusifu, na huja zaidi kutafuta kasoro. Hugusa shuka, hufunua chandarua, huulizana vitambaa vimetoka wapi. Katika kundi la mwisho aliingia bibi mmoja mfupi, mnene kidogo, buibui lake kuukuu lakini limenyooshwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa shoga, rafiki wa siku nyingi, wa nyanya wa bi harusi, na kwamba alikuwa na nyumba kubwa Shangani kabla ya kuondolewa. Wanawe wote wameondoka. Yeye kabaki, amesitiriwa na jamaa kwenye chumba cha nyuma.

"Shikamoo bibi," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mashaallah, chumba kimependeza."

Alikuwa akizungumza na mimi lakini macho yake yalikuwa kwenye kitanda. Alikisogelea. Akauweka mkono kwenye nguzo, juu ya ua moja la nakshi, mahali hasa, bila kupapasa. Kisha akainama, kwa taabu ya mtu mwenye magoti mabovu, akalitoa lile tambara chini ya mguu.

"Msitie nguo," alisema. "Nguo hubonyea, usiku kitaanza kupiga kelele, mtamfedhehesha mtoto wa watu. Tieni kibao. Kibao cha unene wa vidole vitatu."

Mama wa bi harusi alikuwa akicheka kicheko kisicho na sababu.

"Si kosa la seremala," bibi aliendelea. "Sakafu ya chumba changu ilikuwa imeinuka pembe moja. Marehemu mume wangu alimwita fundi akaukata mguu kwa kipimo cha sakafu ile. Kwengine kokote kitayumba." Akalikunja tambara, akanipa mkononi. "Na bi harusi alale upande wa ukutani. Ule hautikisiki."

Akaomba radhi kwa kuwachelewesha wenziwe, akamwombea bi harusi heri na watoto, akatoka. Hakuna aliyemfuata. Nilimtazama wifi. Alikuwa akizipanga upya asumini ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Kesho yake nilimtafuta bibi. Chumba chake kilikuwa cha chini, kina mkeka, birika, sanduku moja. Nilikaa mkekani nikamwambia kitanda kitarudi kwake fungate likiisha, nitamshikilia wifi mpaka akitoe. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayetaka kukupa mwezi.

"Nkiweke wapi, mwanangu? Mlango huu haupitishi hata kichwa chake."

"Tutakifungua."

"Tukifungue, tukiunge, kisha mimi nitoke nje ndio kienee." Akanimiminia kahawa. "Kiacheni. Mti haunipi tabu. Ila lile godoro. Sufi ile ya shamba letu, nliichambua mwenyewe, miaka na miaka. Msiifumue ovyo ikaruka na upepo."

Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba wifi hakuwa na nia ya kuifumua kabisa, wala ovyo wala vizuri.

Nilidhani baada ya siku ile kitanda kile kitakuwa na nuksi, hakuna mama atakayekitaka, na wifi ataona mwenyewe. Sikuwajua watu bado. Habari ilizagaa mji mzima, na waliokuja kugonga mlango wetu wakazidi maradufu. Walikuwa hawaulizi tena kitanda. Waliuliza kile kitanda. Kile cha bibi wa Shangani, kile alichokiinamia. Mwanamke mmoja aliniuliza kama ni kweli bibi alilia, na nilipomwambia hakulia aliona nimemnyima kitu. Mwingine alitaka binti yake alale upande wa ukutani, kama alivyosema mwenyewe. Waliyasema haya wakitafuna tambuu, macho yanawang'ara, watu niliokuwa nikisali nao tarawehe. Nikifunga mlango, nilikuwa nikinawa mikono.

"Umeona?" wifi aliniambia. "Ungenisikiliza wewe tungebaki na kitanda kimoja mpaka tufe."

Na alikuwa na haki, ukipima kwa vipimo vya wote. Kila dalili ambayo mtu anaambiwa aingoje kabla ya kupanua kazi, tulikuwa nayo. Wateja wanarudishwa, jina linavuma, vitu vinapatikana, mkono wa kulia unaomba msaada wa kushoto. Nilitazama dalili zote hizo na zote zilinitia kichefuchefu. Godoro la bibi lilipita harusi baada ya harusi bila kufumuliwa. Harufu ya kafuri ilififia, ikaja ya mafuta ya nazi, kisha ya jasho, na ndani kabisa ile ya mwanzo bado ipo. Wifi alilipulizia marashi juu juu, akatandika shuka.

Kilichotutenganisha ni nyumba ya bwana mmoja mwenye cheo. Alikuwa amepewa nyumba iliyokuwa tupu, akamwita wifi aipambe yote, si chumba cha harusi tu. Nilikwenda naye kwa siku moja. Sebuleni ukuta wa chokaa ulikuwa na miviringo myeupe, mikubwa na midogo, mahali palipotundikwa sahani za wenyewe mpaka ukuta ukabadilika rangi pembezoni mwake. Wifi aliishangilia.

"Misumari ipo tayari, wifi! Hata kupima hatuna haja."

Akaanza kuzitundika sahani nyingine kwenye miviringo ile ile, akichagua zilizolingana, mviringo uliobaki tupu akauzibia sahani ya pengine. Bwana mwenyewe alikuwa mpole na mkarimu, alitutolea sharbati, akatuambia kuna ghala la vyombo, twende tukachague, tupanue kazi yetu, nchi inahitaji watu wachapakazi. Nilishika glasi ile ya sharbati na sikuweza kuinywa, maana sikujua glasi ni ya nani.

Njiani nilimwambia wifi achukue kila kitu. Kitanda kikubwa, vioo, sahani tulizonunua pamoja, wateja, ghala. Mimi nibaki na samadari ya mama.

"Na nini zaidi?" aliniuliza. Alinijua.

"Lile godoro."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Chukua. Nshapata mengine mangapi."

Nilipanda nalo juu, nikalifumua peke yangu. Sufi ya bibi ilikuwa ndefu, laini, nyeupe kama maziwa pale jasho lisipofika. Niliitoa mabonge ya harusi zote zile, nikaianika, nikaichambua, nikaishonea foronya mpya, nyembamba, ya kuenea chumbani kwake. Mti haukupita mlangoni, lakini godoro lilipita. Bibi hakunishukuru kwanza. Aliinama akalinusa, vilevile kama mama zao mabibi harusi, kisha akatikisa kichwa kwamba sawa.

Wiki ya pili yake akaja kwangu. Alipanda ngazi zote kwa kupumzika kila pembe, akafika juu anahema, akakaa mkekani, akavuta rundo la sufi upande wake.

"Peke yako utachambua mpaka Kiama," alisema.

Alikuja tena, na tena. Vidole vyake vilikuwa vimepinda lakini vilijua kokwa ilipo kabla ya kuiona. Hatukuzungumza sana. Alikuwa na ulimi mkali kwa mambo madogo, uzi mbaya, sabuni mbaya, na alinyamaza kwa makubwa. Baada ya muda niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona na wifi, kwamba godoro linakwisha na siku bado ipo. Hapo ndipo nilipokwenda kwa seremala wa Vikokotoni nikamwagiza kitanda cha pili. Kipya, cha mvule, hakijalaliwa na mtu, miguu yote sawa. Nilipokuwa nasubiri vanishi ikauke, hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia kwamba wakati ndio huu. Miaka ile ilikuwa ya foleni, mchele kwa foleni, sabuni kwa foleni, kitambaa ukikipata umshukuru Mungu, na harusi zilikuwa chache na fupi. Kila mjuzi wa biashara angenicheka. Lakini nilikuwa na mikono minne, na sikuwa naona kichefuchefu.

Wifi naye alikua, si kama mimi. Alikuwa na vyumba vitatu vya chini vimejaa samadari, kabati, vioo vya watu. Wakubwa walimwita, alipamba mpaka kumbi za mikutano. Tulikutana kwenye misiba na sikukuu, tukaamkiana vizuri. Kwangu hakupanda tena, kwa kuwa alijua ni nani yuko juu.

Alipanda siku moja mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilimsikia ngazini kwa bangili zake. Binti yake, yule mmoja, alikuwa amechumbiwa, na mji mzima ulikuwa ukingoja kuona chumba ambacho wifi atampambia mwanawe.

"Wifi, nnakuja kukuomba," alisema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti.

"Karibu."

"Kile kitanda chako. Kile cha seremala."

"Si unazo samadari tele?"

"Ninazo."

"Za nakshi. Za vioo vitatu."

"Usinifanyie hivyo, wifi."

"Mimi nauliza. Huyo ni mtoto wangu pia, mimi mkaza mjomba wake. Nataka kujua kwa nini asilale kwenye kitanda cha fahari cha mama yake. Zile zina nini?"

Alikuwa akizizungusha bangili mkononi, moja baada ya nyingine. Huruma sikuwa nayo hata kidogo, na sitajisingizia.

"Zinanuka," alisema.

"Zinanuka nini? Kunguni?"

"Kunguni hazina. Nshazimwagia kila kitu. Zinanuka wenyewe, walotoka."

"Tangu lini?"

Nje muuza kahawa alikuwa akipita anagonga vikombe vyake.

"Tangu ile ya mwanzo," alisema. "Tangu pale mnadani."

Basi alikuwa akisikia. Miaka yote ile, godoro baada ya godoro, mabinti wa watu anawalaza pale na mimi ananiambia nina wazimu wa pua, alikuwa akisikia harufu ile ile niliyokuwa nikiisikia mimi. Nilikuwa nimemdharau kwa kudhani hana pua. Sasa nilimtazama mkononi, usoni, kwenye kanga yake nzuri, na kinyaa kilinipanda mpaka kooni kama siku ile uani.

Nilimwambia kitanda atakipata. Mtoto hakuwa na kosa. Lakini godoro halijashonwa, nikamwambia, sufi iko juu imetandazwa, na harusi ni Ijumaa. Avue bangili apande.

"Nani yuko juu?"

"Unamjua."

Alitazama mlango. Kisha akazivua bangili, akazipanga mezani, akatangulia ngazini. Nilimfuata. Bibi alikuwa mkekani, mgongo ameupa ukuta, mapaja yamejaa sufi. Aliinua macho akamtazama wifi, akamtazama mikono iliyo mitupu, akasogea kumpa nafasi.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kokwa zitie kwenye kikapu hiki."

Wifi akakaa. Akachukua konzi ya sufi, na kabla ya kuitia vidole niliona anaipeleka puani.